Si Kila Mguu Unaobabuka Una Fangasi

Kaa nusu saa kwenye benchi la duka la dawa Mbagala Rangi Tatu, jioni watu wanaposhuka kwenye daladala, utayasikia mazungumzo haya bila hata kutega sikio.

“Dada, naomba dawa ya fangasi wa miguu.”

“Ya kupaka au vidonge?”

“Ile inayomaliza kabisa.”

Hapo biashara imekwisha. Hakuna aliyevua kiatu, hakuna aliyeuliza ngozi ilianza kubabuka upande gani, na mteja keshajipa jina la ugonjwa kabla hajafika dirishani. Bomba linalotolewa mara nyingi ni krimu ya mchanganyiko: ndani yake mna dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, na steroidi kama betamethasone. Wiki ya kwanza muwasho umekata na mteja anamsifia muuzaji. Wiki ya nne mguu umerudia palepale, pengine umezidi, na anarudi kununua bomba la pili.

Sura hii inahusu kile ambacho hakikufanyika pale dirishani, yaani kuvua kiatu na kuutazama mguu. Ngozi ya mguu hubabuka kwa sababu nyingi, na baadhi yake hazina uhusiano wowote na fangasi. Habari njema ni kwamba mguu wenyewe husema mengi. Unakobabukia, unavyobabuka, na kazi anayoifanya mwenye mguu huo kuanzia alfajiri, vyote ni ushahidi.

Tuanze na ngozi yenyewe. Ngozi ya wayo ni nene kuliko nyingine zote mwilini. Haina vinyweleo wala tezi za mafuta, ila ina tezi za jasho nyingi mno. Ndiyo maana wayo hulowa haraka ndani ya raba, na hukauka na kupasuka haraka ukiachwa wazi kwenye vumbi. Tabaka lake la juu ni seli zilizokufa, zilizoshonana kwa protini ngumu iitwayo keratini, na kila siku seli hizo hudondoka chembe kwa chembe bila sisi kuona. Tukiona ngozi inatoka kwa vipande au kwa magamba, maana yake mpango huo umevurugika. Ama kuna kitu kinaila keratini, ama maji na kemikali vimeilegeza, ama mwili wenyewe unaitengeneza ngozi kwa pupa au kwa kasoro.

Wanaoila keratini ndio fangasi, na hao tuwape haki yao kwanza, maana kweli ni wengi. Anayeongoza duniani kote anaitwa Trichophyton rubrum. Aliyemweleza kitaalamu mwaka 1910 ni Aldo Castellani, daktari Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa hapa kwetu Afrika Mashariki: alifika Uganda mwaka 1902 na tume ya kuchunguza malale, na huko akawaona vijidudu vya ugonjwa huo katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Jina lake lilikuja kubaki pia kwenye rangi nyekundu iliyopakwa miguuni kuua fangasi kwa miongo mingi.

Historia ya fangasi huyu ina funzo kwa watu wa Dar es Salaam. Wanahistoria wa magonjwa wanaona alikuwa mwenyeji wa Asia ya Kusini-Mashariki na sehemu za Afrika Magharibi, ambako watu walitembea pekupeku na walipata choa mwilini, si miguuni. Wageni waliovaa viatu vya kufunika ndio waliompa makao mapya: joto, giza na unyevu, saa kumi kwa siku. Kwa hiyo fangasi wa miguu ni ugonjwa wa viatu kuliko ugonjwa wa uchafu. Mtu anayemcheka konda kwa sababu miguu yake inababuka anapaswa kujua kwamba konda huyo huenda anaoga mara mbili kwa siku. Shida yake ni raba zile zile za jana, ambazo hazijakauka.

Makao anayoyapenda zaidi fangasi ni uwazi kati ya kidole kidogo na kile kinachokifuata. Vidole hivyo viwili hubanana kuliko vingine, hewa haipiti. Ngozi ya hapo hugeuka nyeupe, ikalainika, ikabanduka kama utando, na chini yake panabaki pekundu panapowasha, hasa ukivua soksi. Msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, wakati maji yanaposimama uani Tandale kando ya Mto Ng'ombe na watu wanalazimika kuyakanyaga wakienda kazini na wakirudi, hali hii huongezeka bila ajabu yoyote.

Namna ya pili ni ya ujanja zaidi. Hapa wayo mzima hukauka na kufunikwa na unga mweupe mwembamba uliojipanga kwenye mistari ya ngozi, kuanzia kisigino hadi pembeni, kana kwamba mtu amevaa kiatu cha chokaa. Mara nyingi hauwashi, na kwa kuwa hauwashi, mwenyewe husema ni magaga tu au ni vumbi la Chamazi. Anakaa nao miaka kumi. Kuna dalili mbili za kumfumania fangasi huyu. Kucha za miguu zimekuwa nene na za njano, na kiganja kimoja cha mkono, kimoja tu, nacho kina unga uleule. Miguu miwili na mkono mmoja: ukiliona hilo, huna haja ya kubahatisha sana, kwa sababu mkono huo ndio mtu anaojikunia. Namna ya tatu hutoa malengelenge madogo kwenye unyayo, yanayopasuka na kuacha duara za ngozi inayobanduka.

Sasa twende kwa wasio fangasi, maana hapo ndipo bomba la dukani linapokosea.

Mlinzi wa usiku anavaa buti saa kumi na mbili jioni na kuzivua saa kumi na mbili asubuhi. Akizivua, mkewe anafungua dirisha. Ukiutazama wayo wake kwa karibu, kwenye sehemu zinazobeba uzito utaona vishimo vidogo vingi, kana kwamba mtu ametoboa kwa ncha ya kalamu, na vingine vimeungana vikawa mabaka yaliyobanduka. Ukimwambia aloweke mguu dakika chache kwenye beseni, vishimo vinajionyesha wazi zaidi. Hao ni bakteria, akiwamo Kytococcus sedentarius, wanaoiyeyusha keratini palipo na jasho jingi na kutoa gesi zenye salfa. Harufu ile ndiyo nusu ya utambuzi. Dawa ya kawaida ya fangasi huenda isimsaidie sana. Anachohitaji ni dawa ya bakteria ya kupaka kama asidi ya fusidiki au klindamaisini, soksi za pamba za kubadilisha katikati ya zamu, na jozi ya pili ya buti ili moja ikauke. Waajiri wa kampuni za ulinzi wangekuwa wanatoa jozi mbili badala ya moja, wangewapunguzia walinzi wao ugonjwa huu, lakini hilo ni ombi ambalo sijaona likisikilizwa.

Bakteria wengine, Corynebacterium minutissimum, huishi katika uwazi uleule wa vidole na kuonekana kama fangasi kabisa. Kinachowatofautisha ni taa ndogo ya miale ya urujuanimno iitwayo taa ya Wood. Chini yake, gizani, ngozi yenye bakteria hao hung'aa rangi ya marijani. Kinachoitwa fangasi sugu asiyesikia dawa huenda kikawa ni hawa.

Hapa ni pwani, na haiwezekani kuzungumzia unyevu wa vidole bila kuutaja udhu. Mtu anayeswali swala tano huosha miguu yake mara nyingi kwa siku, na kupitisha kidole katikati ya vidole vya miguu ni sehemu ya kutawadha vizuri. Maji hayo hayana kosa lolote. Kosa ni kuvaa soksi na kiatu mguu ukiwa bado majimaji, au kuingia kwenye kandambili za pale penye mabomba, zinazovaliwa na kila ajaye. Kitambaa kidogo cha pamba mfukoni, cha kukaushia katikati ya vidole, na kandambili zako mwenyewe, vinatosha. Wazee wenye kisukari ndio hasa wa kukumbushwa, na wa kuwakumbusha ni wajukuu wanaowasindikiza.

Twende Kinondoni, upande wa Tegeta na Wazo, ambako kiwanda cha saruji kimefanya kazi tangu 1966, na kutoka hapo hadi Bunju na Mabwepande nyumba zinaota kila mwezi. Saidia fundi anachanganya zege akiwa amevaa kandambili, au amevaa gambuti lakini zege limeingia kwa juu. Saruji mbichi ni kali kama magadi makali: kipimo chake cha ualkali kinafika 12 hadi 13. Haichomi kama moto, kwa hiyo mtu hashtuki. Inalainisha na kuiunguza ngozi polepole, na jioni akivua gambuti anakuta ngozi inatoka pamoja na soksi. Hayo ni majeraha ya kuungua, na yanahitaji maji mengi masafi na hospitali. Hayahitaji krimu ya fangasi.

Saruji ina madhara mengine yanayochelewa. Ndani yake mna kromiamu, na baada ya miezi au miaka ya kuigusa, mwili wa baadhi ya mafundi huanza kuikataa. Kuanzia hapo hata kiasi kidogo huleta ukurutu: ngozi nyekundu, nene, inayopasuka na kubanduka mikononi na juu ya miguu. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka sheria iliyoanza kutumika mwaka 2005, ikitaka kromiamu ya aina hiyo isizidi sehemu mbili kwa milioni moja kwenye saruji, na viwanda vikatii kwa kuongeza chumvi ya chuma. Kwa fundi wa Bunju kinga ya leo ni gambuti refu lisilotoboka, suruali ikiwa nje ya gambuti na si ndani, na ndoo ya maji masafi ya kunawa saa ya chakula.

Kromiamu hiyohiyo hutumika kulainisha ngozi za viatu. Raba na kandambili zina kemikali zake za kuivisha mpira, na katambuga za matairi zina nyingine tena. Mwili ukiikataa mojawapo, mguu unachora ramani ya kiatu chenyewe. Mtu wa kandambili atababuka kwa umbo la mikanda, mistari miwili inayokutana kati ya kidole gumba na cha pili. Wa makubadhi atababuka chini ya ugwe. Kanuni moja inafaa ishikwe kichwani: mzio wa kiatu hupenda juu ya mguu, kwenye ngozi nyembamba, na kwa kawaida huuacha uwazi wa vidole salama. Fangasi hufanya kinyume chake. Ukiona juu ya mguu pamebabuka pande zote mbili kwa usawa na katikati ya vidole pakavu pasafi, mtuhumu kiatu kwanza.

Na kuna piko. Msimu wa harusi Tandika na Mwananyamala haupiti bila mwali kupambwa miguu. Hina ya majani haina matata makubwa. Huacha rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na ni nadra kumdhuru mtu. Weusi ule wa kumeremeta unatoka kwenye piko, na piko ni rangi ya nywele yenye kemikali ifupishwayo PPD, tena ikipakwa kwa nguvu kuliko inavyoruhusiwa kwenye nywele. Ambaye mwili wake ulishaanza kuikataa ataanza kuwashwa ndani ya siku moja hadi tatu. Kinachofuata hakihitaji maabara. Malengelenge yanavimba juu ya kila ua na kila jani lililochorwa, kisha yanapasuka, na ngozi inabanduka kwa umbo la pambo lenyewe. Mwali anaingia ukumbini akichechemea. Baya zaidi ni kwamba mzio huo haufutiki. Miaka ishirini baadaye akipaka rangi ya nywele kuficha mvi, uso unamvimba. Masomo na wapambaji wanalijua hili vizuri kuliko sisi waandishi, na wapo wanaokataa kumpaka piko mtoto wa watu. Hao ndio wa kuwapa kazi.

Magaga nitayapita haraka. Kisigino kikavu chenye nyufa kwa mtu anayevaa ndala na kusimama kutwa, kama mama lishe, si maambukizi. Mafuta mazito au vaselini usiku baada ya kuloweka mguu, au krimu yenye urea, hufanya kazi kwa anayevumilia wiki kadhaa. Ninachokiogopa ni wembe. Vijana wanaozunguka mitaani na vigoda na mabeseni, wakisugua miguu na kupaka rangi kucha, wengi ni hodari na wasafi, lakini jiwe lililosugua kisigino chenye fangasi asubuhi ndilo linalosugua chako mchana, na wembe ukikata ndani zaidi unafungua mlango kwa yote. Nunua jiwe lako na uje nalo. Hatakasirika.

Ndimu, kitunguu saumu na maji ya betri viachwe jikoni na gereji. Ndimu ikipakwa na mguu ukaota jua, huunguza ngozi na kuacha madoa meusi ya miezi. Kitunguu saumu kilichofungwa kwa kitambaa usiku kucha hutoa malengelenge. Maji ya betri ni asidi ya salfa, sina la kuongeza.

Kwa watoto mambo hubadilika kidogo. Mtoto wa shule mwenye sehemu ya mbele ya wayo iliyong'aa, nyekundu, yenye nyufa, na ngozi kavu inayobanduka, ilhali katikati ya vidole ni pazima, mara nyingi hana fangasi kabisa. Ni ngozi inayolowa ndani ya kiatu cha plastiki na kukauka ghafla kikivuliwa, tena na tena. Wengi hupona wanapokua. Na mtoto aliyepata homa kali na vipele, kisha wiki moja au mbili baadaye ncha za vidole vya mikono na miguu zikaanza kubanduka, apelekwe akaonwe hata kama homa imeisha, kwa sababu baadhi ya magonjwa yanayobandua vidole namna hiyo huweza kugusa moyo au figo.

Kuna kubabuka ambako chanzo chake hakiko mguuni. Watu wa Dar wenye umri wa kutosha wanakumbuka hofu ya SP. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha klorokwini na kuifanya SP, yenye dawa ya jamii ya salfa, kuwa tiba ya kwanza ya malaria, hadi mwishoni mwa 2006 ilipopokewa na dawa mseto ya ALu. Ni kweli dawa za salfa, kwa watu wachache sana, huweza kuleta mzio mkali ambao macho, midomo na sehemu za siri hutoka vidonda na ngozi hubabuka kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto, nyayo zikiwamo. Lakini hofu ya kubabuka ilisambaa mbali kuliko kubabuka kwenyewe, na wajawazito wanaopewa SP kliniki hadi leo kwa kinga wasiikimbie kwa sababu ya hadithi za wakati ule. La kushika ni hili: ngozi ikibabuka pamoja na homa na vidonda mdomoni, ndani ya wiki chache baada ya kuanza dawa mpya yoyote, acha dawa hiyo na nenda hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana.

Kaswende nayo hujificha nyayoni. Wiki kadhaa baada ya kidonda kisichouma kupona chenyewe, hutokea mabaka ya rangi ya shaba au meusi kwenye nyayo na viganja, yenye ukingo mwembamba wa ngozi inayobanduka kuzunguka kila baka. Hayawashi. Ni kosa kubwa kuyapaka krimu ya fangasi, kwa sababu yataondoka yenyewe baada ya muda na mgonjwa ataisifu krimu, huku ugonjwa ukiendelea ndani kimyakimya. Kipimo chake cha damu hufanywa hata kwenye kituo cha afya, wajawazito wanakijua, na tiba katika hatua hiyo ni sindano ya penisilini.

Ukoma haujaisha nchini. Mishipa ya fahamu ikiharibika, tezi za jasho hufa, mguu hukauka, hupasuka na kubabuka, na mwenyewe hasikii maumivu. Kisokota cha pamba kikipitishwa taratibu kwenye ngozi, macho yakiwa yamefumbwa, na mtu asikisikie, kinatosha kuanza kushuku. Dawa zake hutolewa bure.

Kisukari hufanya karibu jambo hilohilo, na kwa Dar es Salaam kisukari ni jambo kubwa zaidi. Mguu uliopoteza hisia haujui kokoto iliyo ndani ya kiatu. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 amekuwa nguzo ya mradi wa kufundisha watumishi wa afya nchini kuutunza mguu wa mwenye kisukari, aliandika mwaka 2005 pamoja na wenzake kuhusu wagonjwa waliong'atwa na panya miguuni wakiwa usingizini bila kuamka. Soma sentensi hiyo tena ukiwa na mzazi mwenye sukari nyumbani. Kwa mtu wa namna hiyo, ngozi iliyobabuka kati ya vidole ni mlango wa bakteria, na kutoka kwenye mlango huo hadi kukatwa mguu si safari ndefu.

Basi tunatofautishaje? Kwa macho, kwa maswali, na kwa kukwangua. Kipimo cha kukwangua ni rahisi na cha siku nyingi, na inasikitisha jinsi kisivyoombwa. Fundi wa maabara anafuta mguu kwa spiriti, anashika wembe wa upasuaji kwa ubapa wake, na kukwangua ukingo wa baka, pale ngozi mgonjwa inapokutana na nzima, kwa kuwa huko ndiko fangasi anakosonga mbele. Unga unadondokea kwenye karatasi nyeusi ili uonekane. Anauweka kwenye kioo, anadondoshea tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi 20, na kusubiri keratini iyeyuke. Wayo ni mnene, kwa hiyo asiwe na haraka. Kisha anatazama kwa hadubini ileile inayotumika kutafuta malaria na kifua kikuu. Fangasi akiwapo, anaonekana kama nyuzi zenye matawi zinazokatiza juu ya mipaka ya seli bila kuiheshimu. Kipimo hiki humkosa fangasi mara nyingine, hasa kwa mtu aliyekwisha kupaka dawa, ndiyo maana jibu la “hakuna kitu” halifungi kesi. Kuotesha vimelea hutoa jina kamili, ila huchukua hadi wiki nne.

Kwa sensa ya 2022, Temeke ina watu 1,346,674 na Kinondoni 982,328. Madaktari bingwa wa ngozi hawawezi kuwatosha watu hao hata wakigawanywa kwa mtaa. Ndiyo sababu kilichoanzishwa Moshi mwaka 1992, kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, kina maana kubwa kuliko sifa kinazopewa. Kinawachukua matabibu wa kawaida kutoka nchi za Afrika Mashariki na Kusini, kinawafundisha ngozi kwa miaka miwili, kisha wanarudi walikotoka. Tabibu wa namna hiyo akiwapo kwenye hospitali iliyo karibu nawe, mwone yeye kwanza. Hospitali za rufaa za mkoa za Temeke na Mwananyamala ndizo njia ya kumfikia bingwa, na Muhimbili iko juu ya hizo.

Narudi kwenye krimu ya mchanganyiko, kwa sababu ndiyo inayovuruga utambuzi wote huu. Steroidi hutuliza wekundu na muwasho, hata kama adui bado yupo. Fangasi anaendelea kutanuka huku ngozi ikiwa imenyamazishwa. Baka linapoteza ukingo wake, linapoteza umbo, na hata mtaalamu anaweza asilitambue. Krimu hiyo ikitumika miezi mingi, ngozi inakuwa nyembamba na kuchanika. India imelipia hili: kuanzia katikati ya miaka ya 2010 kumezuka huko choa kisichosikia terbinafine, na wataalamu wengi wanazishuku krimu hizi zinazouzwa bila cheti. Fangasi wake alipewa jina rasmi, Trichophyton indotineae, mwaka 2020, na ameshaonekana katika mabara kadhaa.

Dawa za kweli za fangasi wa miguu hazina makeke. Klotrimazole hupakwa mara mbili kwa siku kwa takriban wiki nne, na haiachwi siku muwasho ulipokoma. Terbinafine ya kupaka huchukua muda mfupi zaidi. Mafuta ya Whitfield, yenye asidi ya benzoiki asilimia 6 na ya salisili asilimia 3, ni ya tangu zamani, ya bei nafuu, na kwa miaka mingi yalikuwamo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Yanachoma kidogo penye mpasuko. Wayo mzima ukishashikwa, au kucha, krimu peke yake haitoshi na vidonge huandikwa na daktari. Anika viatu vyako juani pia.

Ukiamua kwenda kupimwa, usipake krimu yoyote ya fangasi kwa wiki mbili kabla. Nenda na viatu unavyovishindia, si vile vya Ijumaa au vya Jumapili. Nenda na maboksi na mabomba yote uliyokwisha kutumia, hata yaliyokauka, na umwambie daktari kazi yako kwa ukweli. Vua soksi zote mbili na umwonyeshe viganja pia. Lakini kama una kisukari, au mguu umevimba na una joto, au una homa, usisubiri wiki mbili hizo: nenda kesho asubuhi.